Wiki ya Kumrudishia Karani Manyoya

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kasuku wetu Karani amejinyonyoa kifua kizima. Aibu! Mke wangu Veronicah amekwenda Busia kumwona dadake aliyejifungua. Ameacha amri: Jumapili akimkuta ndege bado anajinyonyoa, anampa jirani Stellah, eti Stellah anajua ndege. Kwani mimi sijui? Nani amempa Karani chai na mandazi kila asubuhi miaka mitatu? Kwetu mgeni haachwi bila chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleka kwa daktari wa mifugo pale Uthiru. Akauliza ndege anakula nini. Nimemweleza kwa fahari. Daktari ameweka kalamu chini. Chai na mandazi vikome leo, alizeti ipunguzwe polepole, apewe sukuma wiki, karoti, boga, na magunzi ya mahindi ya kutafuna. Tena asikae peke yake mchana kutwa. Polepole? Nina siku tano! Nimempa sukuma tupu.

Jumatano, 5 Machi
Mgomo. Sukuma yote imeishia kwenye viatu vyangu vya kazini. Nimeketi mbele ya kizimba nikatafuna karoti tatu mbichi ili aige. Amenitazama kwa huruma. Kisha nilipomimina chai, akasema kwa sauti ya Veronicah, "Karibu chai, baba." Ningefanyaje? Vijiko viwili tu. Hiyo si chai, ni salamu.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya: sweta. Nimechukua soksi, nikaitoboa matundu ya mabawa. Asichokiona hatakinyonyoa. Sweta limedumu dakika nne. Nina plasta kwenye vidole viwili.
Jioni nimemkuta Stellah sebuleni akipima kizimba kwa utepe. Kumbe Veronicah alimwachia ufunguo awe anamwangalia Karani nikiwa kazini mjini. "Usijali, Baba Lornah," akasema, "utakuwa unakuja kumsalimia." Roho iliniuma kweli. Tena mkobani alikuwa na maganda ya boga. Mtu anatembeaje na taka zake?

Ijumaa, 7 Machi
Ajabu! Mdomo wa Karani una rangi ya boga, magunzi yametafunwa, sukuma imebaki vikonyo. Hajang'oa hata unyoya mmoja. Ameiga karoti zangu, ila alichelewa kuelewa. Nimemwonjesha mandazi kumpongeza. Amekataa. Nimeyala kwa niaba yake.

Jumapili, 9 Machi
Vichipukizi vya manyoya! Veronicah amevihesabu mara mbili, akasema Karani anabaki. Nimefurahi mpaka machozi. Halafu amemshukuru Stellah langoni karibu nusu saa. Sijui kwa lipi.
Sifa zangu zimeenea mtaa wetu wote wa Mountain View. Mchana Kiema wa nyumba ya pili ameniletea kuku wake kutoka Mwingi, shingo tupu, nyekundu, haina unyoya hata mmoja. Kiema amesema anamleta kwa mzaha tu, maana hata mamake kuku alikuwa hivyo, na nyanya yake pia.
Ugonjwa wa ukoo, basi. Nimemwahidi shingo yenye manyoya kabla ya Pasaka.