Ufa Niliouchora Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Namshukuru Mungu nimeamka mzima. Jua limetoka. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Na habari kubwa: nyumba hii inauzwa!

Tumepanga humu miaka kumi na minne. Vyumba vitatu, korido moja, baraza inayotazama uwanja wa mpira. Pacha wetu walijifunzia kutembea kwenye sakafu hii. Sasa wako shule ya bweni na wote wawili wananizidi urefu. Bibi Mwenye Nyumba anahamia kwa bintiye, na ametupa sisi nafasi ya kwanza ya kununua. Sharti ni moja: barua ya benki ya mkopo wa nyumba iwe mkononi mwake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa sita ikipita, atasikiliza wengine.

Benki haina shida na sisi. Imebaki mthamini wao aje Alhamisi, aikague nyumba, aandike thamani yake, basi! Mama Pacha aliposikia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Kisha akainuka, akaendelea kufua. Ni muuguzi, halii ovyo. Nikamwambia aniachie mimi kila kitu, mimi ni dalali wa nyumba miaka ishirini. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jioni, mazoezi ya timu ya maveterani. Nimesugua benchi mwanzo mpaka mwisho. Namba yangu anaicheza Kalamu Mbili, dalali mwenzangu, ambaye hata meza yake ya kazi inatazamana na yangu. Hutembea na kalamu mbili mfukoni, moja yake na moja ya mteja. Mtu ana kitambi kile na bado anapiga chenga! Tulipokuwa tunavua viatu akanidokeza kwamba ana mteja, daktari wa meno, anataka nyumba upande wa uwanjani. Anakuja kuiona hii tunayokaa sisi, Jumatano.

Nyumba yangu!

Nilimkimbilia Bibi Mwenye Nyumba. Akasema kutazama si kununua, waje tu. Sawa. Sikasiriki. Nashukuru nimepewa taarifa mapema. Huyo daktari nitamtengeneza.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umekamilika. Nauandika hapa ili siku moja pacha wausome, wajue baba yao alikuwa mtu wa namna gani.

Sehemu ya kwanza: makelele. Nimemwomba nahodha mazoezi ya kupiga mashuti yawe kesho saa kumi, kwenye lile goli lililo jirani na nyumba yetu, na wapigaji wawe wale wasiolenga. Akasema wote hawalengi. Vizuri.

Sehemu ya pili: ufa. Hapa nimejizidi. Katika kazi yangu nimeona nyufa za kila aina, na najua upi unamkimbiza mnunuzi. Usiwe mnene. Uanzie kwenye kona ya dirisha, upande kimshazari, kisha ugawanyike karibu na dari. Nilipandisha kigoda juu ya meza pale koridoni, nikachana plasta taratibu kwa msumari, nikapaka masizi ya sufuria. Saa nzima. Niliposhuka nikautazama kutoka chini, nikaogopa mwenyewe.

Mama Pacha alirudi zamu amechoka, hakuinua macho. Aliona tu alama za miguu yangu mezani. Nikamwambia nilikuwa natoa utando wa buibui. Akanishukuru! Akanikaangia yai la ziada. Lilinishuka kwa shida kidogo, lakini lilishuka.

Jumatano, 5 Juni

Saa kumi kamili daktari wa meno akafika na Kalamu Mbili. Mtu mpole, miwani, viatu vimeng'arishwa. Alipogusa tu mlango, bu! Mpira ukutani. Akaruka. Bu! Tena. Nikamwambia kwa sauti ya msiba kwamba ndivyo ilivyo siku zote, tumeshazoea, hata kusikia hatusikii vizuri.

Kisha korido. Nilinyoosha kidole tu. Alipouona akarudi nyuma hatua moja. Hapo ningenyamaza ningekuwa mshindi wa kawaida, lakini mdomo huu! Nikaongeza kwamba unakua kila mvua. Nikaongeza kwamba msingi umekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Nikaongeza kwamba sisi wapangaji tunakaa kwa kudra tu. Kalamu Mbili aliutazama ufa kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Daktari akaaga haraka haraka akaelekea getini.

Nimeshinda! Nilitaka kurukaruka.

Getini akakutana na dada mmoja amevaa buti, ana faili na futi kiunoni. Mthamini wa benki! Siku nzima kabla! Kumbe kesho anatakiwa nyumba nyingine upande wa pili wa mji, akatusogeza sisi leo, na alipompigia Mama Pacha simu ilikuwa imezimwa, yuko wodini. Daktari wa meno ni mtu mwema, na hapo ndipo balaa lilipo. Akamsimamisha. Akamwambia, "Dada, kuwa makini na korido hiyo. Mwenyewe amenieleza, msingi umekaa vibaya."

Nilimkaribisha chai. Hataki. Nikamwonyesha jiko. Ameshaliona. Nikasimama chini ya ufa nikanyoosha mikono juu kama mtu anayejinyoosha. Akaniomba nipishe. Akapiga picha tatu, akauliza umeanza lini.

Ningeweza kusema ukweli. Jana, dada, kwa msumari. Maneno manne tu. Lakini Kalamu Mbili alikuwa amesimama palepale, na nikaona afadhali nyumba ianguke kuliko yule anicheke. Nikasema una muda kidogo. Akaandika.

Nimejifunga mwenyewe, tena kwa kichwa, kipa akiwa ameduwaa.

Nashukuru hakuingia stoo, angekuta msumari na sufuria ya masizi.

Alhamisi, 6 Juni

Benki wamepiga. Mkopo umesimamishwa mpaka mhandisi akague msingi. Wiki tatu, labda nne. Nikawashukuru. Sijui kwa nini niliwashukuru.

Kesho saa sita mchana nyumba inakwenda kwa watu wengine, na Mama Pacha ameshaanza kuchagua rangi ya jikoni. Kichwa kilichemka asubuhi yote. Saa nane nikapata wazo, nikanunua dawa ya meno, tyubu mbili. Nyeupe, karibu sawa na ukuta! Nikapanda kigoda, nikajaza ufa wote, nikausawazisha kwa kijiko. Ukiangalia huku unatembea huwezi kujua.

Mama Pacha alirudi saa kumi na moja. Akasimama koridoni. Akanusa. Akauliza nani anapiga mswaki ukutani. Akainua macho.

Nilianza na hadithi ya fundi bomba. Nilikuwa nimefika mbali nayo. Akaweka mkoba chini, akasema, "Baba Pacha." Hilo tu. Nikamweleza yote, toka daktari hadi masizi.

Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alisema miaka kumi na minne ameifagia nyumba hii kama yake, anajua kila pembe, na hajawahi kuona kasoro ndani yake. Kasoro ya kwanza nimeileta mimi, wiki ambayo ingekuwa yake kweli. Kisha akaenda kukaa barazani na sare yake ya kazi, hakuvua hata viatu.

Nilikaa ngazi ya chini yake. Niliona haya. Haya ya kweli, si ya kumwonyesha mteja. Nikafikiria wageni wakikaa pale barazani, wakiifagia nyumba yake asivyopenda. Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka uwanjani. Halafu akauliza kama kuna chai.

Nilikimbia.

Ijumaa, 7 Juni

Saa moja asubuhi Mama Pacha akampigia mthamini. Nilipendekeza tuseme ni kosa la fundi wa plasta. Akanitazama. Akasema ukweli mtupu, kuanzia mwanzo, hata kigoda akakitaja. Mthamini akamwomba arudie hapo penye kigoda. Mwishowe mthamini akasema atapita saa tatu, lakini anataka ngazi ndefu aguse kwa mkono wake, maana maneno ya mwanamume wa nyumba hii ameshayaandika mara moja yakamtia aibu.

Na ngazi ndefu mtaani kwetu ni moja. Ya Kalamu Mbili.

Mama Pacha alikwenda mwenyewe kuiomba. Kalamu Mbili akaja nayo begani, anahema, akaishika chini mthamini alipopanda. Hakucheka! Angecheka ningepumua.

Mthamini alichokonoa ufa kwa ufunguo. Dawa ya meno ikamdondokea Kalamu Mbili kwenye upara. Mthamini akagonga ukuta kwa nyundo ndogo, kushoto, kulia, juu, akisikiliza. Mgumu kila mahali. Wakati huo Bibi Mwenye Nyumba alikuwa ameshafika. Akaeleza kwamba marehemu mumewe alisimamia ukuta ule mwenyewe, akagombana na mafundi watatu kwa ajili ya saruji, sasa nani anauita mbovu? Mama Pacha akamsimulia. Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa akaniangalia, akacheka upya.

Mthamini alisema kwa miaka tisa amekuta watu wanaficha nyufa kwa kalenda na mapazia, lakini hajamwona anayechora ufa katika nyumba anayotaka kuinunua. Halafu akakiri kwamba mshazari wake ulikuwa sahihi kabisa. Nikajivuna kidogo. Mama Pacha akanikanyaga.

Ripoti mpya akaituma benki palepale. Tukasubiri. Saa tano. Saa sita. Saa sita ikapita! Benki walipiga saa saba kasoro kumi, barua iko tayari. Nilitoka mbio hadi kwa Bibi Mwenye Nyumba, nikampigia magoti mlangoni, nikamsihi atusamehe hizo dakika.

Akaniambia niinuke, namchafulia mkeka. Akasema ile saa sita aliiweka kwa ajili yangu mimi tu, maana asingenibana ningeizungusha habari hii mpaka mwakani. Nyumba ilikuwa ya Mama Pacha tangu zamani. Marehemu mume wa Bibi alipougua, kidonda cha mguu kikakataa kupona, Mama Pacha alikuja kukisafisha kila siku akitoka zamu, miezi mitano, bila kuitwa na bila kudai kitu. Daktari wa meno angeleta fedha mara mbili, Bibi asingemuuzia.

Sikujua. Nilidhani siku zile alikuwa anachelewa kazini. Miezi mitano! Nililia pale pale, na sioni aibu kuandika.

Saa tisa tukasaini benki. Kalamu yangu ikagoma. Kalamu Mbili, aliyetupeleka kwa gari lake, akanipa ile ya mteja. Njiani kurudi akaniambia kwamba Jumatano alijua ni masizi, aliona hata weusi kwenye kucha zangu. Hapo ndipo alipojua kwamba tunaitaka wenyewe, akanyamaza, kwa sababu kumchukulia mwenzake nyumba anayoishi na watoto hawezi. Amekosa kamisheni nzuri, na wala hakuitaja.

Kanikata maini. Sasa nitamchukia vipi?

Mkopo tutamaliza nikiwa na miaka sitini na tisa. Nashukuru. Sasa nina sababu ya kufika huko.

Jumamosi, 8 Juni

Mechi! Dakika ya sabini Kalamu Mbili aliomba atoke, akaninyooshea kidole mimi. Mimi! Mama Pacha alikuwa barazani anapiga makofi. Dakika ya sabini na nne mpira ukanijia vizuri, mbele yangu kipa tu. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote.

Ukapita juu ya goli, ukapita juu ya ukuta, ukaingia kwenye dirisha la jikoni. Langu! Miaka yote nikivunja kioo nilikuwa nampigia simu Bibi. Leo nilitoa simu, nikasimama nayo uwanjani, nikagundua wa kumpigia ni mimi. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Tumefungwa tatu bila.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka ndani ya nyumba yangu. Kabla ya chai nimepita vyumba vyote vitatu nikigusa kuta. Mama Pacha alikuwa anaimba huku akifagia vioo. Nikamwapia kwamba ujanja ujanja nimeacha. Kabisa. Nimekuwa mwenye nyumba, mtu wa heshima, mfano kwa pacha. Akasema haya.

Saa nne nikakuta tangazo getini. Jumanne maofisa wa manispaa wanapita nyumba hadi nyumba kuhesabu vyumba, wapange kodi ya majengo. Vyumba vingi, kodi kubwa. Limeandikwa "Kwa Mwenye Nyumba". Nililisoma mara tatu kwa ajili ya hayo maneno tu.

Sasa, nimesema nimeacha, na nimeacha. Hili ni suala la mpangilio wa samani. Kabati letu la nguo lina upana uleule wa mlango wa chumba cha tatu. Nimepima. Likisimama koridoni mbele ya huo mlango, nyumba inakuwa ya vyumba viwili, nadhifu, hakuna anayeumia. Kalamu Mbili amekubali kuja kunisaidia kusukuma. Sijamwambia kwa nini. Rafiki wa kweli haulizi.

Kuna jambo moja dogo. Mama Pacha amemwalika mama yake awe mgeni wetu wa kwanza. Anafika kesho, na amepangiwa chumba cha tatu. Lakini nimeulizia, mama mkwe huwa haamki kabla ya saa tatu, na maofisa wanapita saa mbili.

Nashukuru sana. Mambo yangu siku hizi yananyooka yenyewe.