Mama Vifungo na Chumba cha Kushoto

Sogeeni, enyi mnaokalia madawati yaliyochongwa kwa magoti ya watoto, enyi mlioandikisha watoto watano shule kabla ya kujua kuandika majina yenu wenyewe! Wekeni kalamu chini, malizeni vikohozi vyenu, mpate kusikia habari za alasiri ile tukufu ambapo Mama Vifungo, mpima mabega, mtiisha sindano, fundi ambaye hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu, alipanda ubaoni kupambana na Moyo.

Moyo wenyewe ulikuwa wa chaki. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alikuwa ameuchora mnene kama kiazi kitamu, wenye vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma. Chini yake, kama tangazo la vita, liliandikwa swali la saba: *Weka alama kwenye chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Eleza ulivyojua.*

Maneno hayo machache yalikwisha kuangusha jeshi. Mpishi wa hospitali alianguka hapo. Mlinzi wa ghala, mtu wa kifua kipana, alianguka hapo na kofia yake. Mama Vifungo mwenyewe alikuwa ameanguka mara mbili, kila mara akitia alama upande wa kushoto wa ubao, na kila mara Mwalimu akitikisa kichwa: "Sitawatafunia. Jiulizeni, huu ni moyo wa nani?" Na sheria ya darasa ilikuwa kali: anayeanguka mara tatu hurudi kitabu cha kwanza, kule kwenye ba, be, bi.

Lakini si ba, be, bi iliyomtetemesha shujaa wetu. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ameanguka katika mchoro huohuo, kwenye mtihani, na tangu wiki iliyopita hakuingia kipindi cha baiolojia. "Mama, baiolojia si yangu," alisema, akifunga daftari kama mtu anayefunga duka. Ndipo Mama Vifungo, mkasi mkononi, akaapa mbele ya cherehani: "Nikilishinda swali la saba, utarudi kwa mwalimu wako. Nikishindwa, sitakusumbua tena kuhusu baiolojia."

Na siku hiyo binti alikuwa dirishani, mkoba begani, akisubiri.

"Mama Vifungo," alitamka Mwalimu, "simama."

Akasimama. Dawati likalia. Nyuma yake akasikika wifi yake, muuza mkaa, mwenye ulimi usiojua likizo:

"Nenda, wifi! Kushoto umeshakataliwa mara mbili, kumebaki kulia tu. Bahatisha!"

"Na nikiulizwa nimejuaje?"

"Sema umeota."

Darasa likacheka. Mama Vifungo hakucheka. Akatembea kati ya madawati kwa hatua za mtu anayevuka uwanja wa mapambano, akaichukua chaki, akaukabili Moyo. Nao ukamtazama kwa vyumba vyake vinne bila huruma. Mkono ukapanda kushoto, ukasita. Ukahamia kulia, ukasita tena. Dirishani, binti akainamisha macho.

Ndipo fundi akageuka, kwa kukata tamaa, kumtazama Mwalimu aliyesimama mbele yake, na macho yake, yaliyozoea kukagua mishono, yakatua kwenye shati lile. Alilishona yeye. Mfuko mmoja, kifuani, wenye kalamu nyekundu ndani. Mfuko wa kushoto, kama mifuko yote aliyowahi kushona. Na mfuko huo ulikuwa upande wa mkono wa kulia wa Mama Vifungo mwenyewe!

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ikajaa chumba, "miaka kumi na tisa nimesimama uso kwa uso na vifua vya watu. Hakuna mteja hata mmoja niliyemwekea mfuko kushoto kwangu mimi. Mfuko ni wa mwenye shati, na moyo ni wa mwenye kifua! Mtu wa ubaoni ametugeuzia uso, kama wewe sasa hivi. Kushoto kwake kuko hapa."

Akatia alama, kulia kwa ubao, chini, kwa kishindo kilichovunja chaki vipande viwili.

"Tena ukuta wake umechorwa mnene," akaongeza, "kwa sababu chumba hiki kinasukuma damu hadi vidole vya miguu. Sehemu yenye kazi ngumu hutiwa kitambaa maradufu."

Mwalimu akaugusa mfuko wake, taratibu, akachomoa kalamu nyekundu iliyokuwa imelala juu ya moyo wake, akafungua daftari la Mama Vifungo, akaandika maksi ya swali la saba: 1.

"Haya, wifi yangu!" muuza mkaa akapaza sauti, akipiga dawati kama ngoma. "Nilijua tangu mwanzo!"

Lakini mshindi alikuwa akitazama dirishani. Binti alikuwa ameweka kiganja kifuani, akigeuka huku na huku, midomo ikihesabu vyumba.

"Mama," akasema hatimaye, "kesho baiolojia ni kipindi cha kwanza. Utaniamsha?"

Hivyo ndivyo ulivyotekwa Moyo, alasiri moja, kwa kipande cha chaki na mfuko wa shati. Daftari lipo, ukurasa wa thelathini na mbili. Asiyeamini aje alisome mwenyewe, maana siku hizi sote tunajua kusoma.