Kamati ya Kushusha Pumzi

Napenda kuutangazia umma kwamba Idara ya Kukumbuka Vizuri imekamilisha filamu yake ya kwanza, na kwamba umma umeipenda. Uamuzi wa kuipenda ulipitishwa kikaoni kabla ya kamera kununuliwa, ili kuepusha msongamano wa maoni.

Filamu inahusu watoto wanne marafiki. Wanageuza tangi la maji kuwa chombo cha anga, wanakwenda mwezini, wanarudi kabla mama zao hawajawaita kula. Shujaa wao, Kamanda, ni Mkurugenzi wetu alipokuwa mdogo. Ndivyo Mkurugenzi anavyokumbuka.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kushusha Pumzi. Filamu ikiisha, nainua leso nyeupe, na ukumbi mzima unashusha pumzi kwa kuyatamani ya kale. Pumzi zisiposhuka, kamati inavunjwa, nami narudi nyumbani kumchambulia mke wangu maharage. Sikuhangaika kumaliza shule ya jioni ili nije kuchambua maharage.

Siku ya uzinduzi niliinua leso. Mtu mmoja akapiga mwayo. Nikauhesabu kuwa pumzi ya awali.

"Mzee, shusha hiyo leso, mkono utakufa ganzi," alisema bibi mmoja, fundi cherehani, aliyekaa mbele. Alikuwa mmoja wa wale watoto wanne halisi.

"Hukuguswa, bibi?"

"Nimeguswa na usingizi. Utoto wetu ulikuwa na tope na matusi. Huu umepigwa pasi."

"Kuvunjika moyo hakumo kwenye ratiba."

"Basi wangu umevunjika nje ya ratiba, ndugu yangu. Na huyu hatukumwita Kamanda. Tulimwita Kizibo."

Mkurugenzi alisikia. Akapanda jukwaani, lilipowekwa tangi la filamu, akatangaza kwamba angeonyesha alivyoingia chomboni. Miguu ikaingia. Tumbo likakataa. Walinzi wakavuta, itifaki ikavuta, Mkurugenzi akabaki nusu ndani, nusu serikalini.

"Palepale," alisema fundi. "Amezeeka, hajahama."

"Dada yangu," Mkurugenzi alinong'ona, "siku ile mlinitoaje?"

"Kwa sabuni. Ukatuapisha tusiseme."

"Basi ileteni."

"Siku ile ulilia kwanza, Kizibo. Tukumbuke vizuri."

Mkurugenzi akalia. Fundi akafuata sabuni msalani, akampaka kiunoni huku akimtukana kitoto, naye akamjibu kitoto vilevile, mpaka akachomoka kama mbegu ya papai. Ukumbi ukacheka hadi viti vikalia. Kisha, leso yangu ikiwa mfukoni, wote wakashusha pumzi ndefu.

"Enzi zile, bwana," mtu akasema nyuma.

Nafurahi kuarifu kwamba lengo limefikiwa na kamati yangu imedumishwa. Waziri, ambaye aliamshwa na kicheko, ameagiza filamu iondolewe, na Mkurugenzi aingie tangini kila Jumamosi kwa manufaa ya taifa.

Mkurugenzi ameomba likizo. Kamati imelipokea ombi lake kwa heshima, na imeshusha pumzi.