Stesheni Jikoni kwa Ndila

Jumanne, 15 Machi 1983
Mambo ni moto! Keinan mwenye duka amenihakikishia. Yule injinia wa Serikali anayepimapima ardhi hapa kwetu alikunywa chai kwake, akamchorea stesheni iliyo chini ya ardhi. Reli mbili zinakutana huko chini, na watu juu wamelala majumbani mwao hawasikii lolote. Reli ya Mombasa tunayo. Ya pili lazima itoke Kitui. Zitakutana wapi kama si hapa Sultan Hamud? Na kigingi chekundu injinia amekipiga nyuma ya jiko letu. Si kwa jirani Mutie, yule fundi cherehani. Kwetu!

Mke wangu Ndila angesikia haya! Yuko Mbooni kwa kaka yake tangu niwalishe kanga mbegu zake zote za kunde. Kanga wenyewe waliruka ua wakaenda zao. Nyumba imepoa mno.

Jumatano, 16 Machi
Mutie anatangaza sokoni kwamba ngazi za kuteremkia zitakuwa kwake. Hata ua wake ameung'oa kupisha abiria. Jamaa hana haya! Lakini Serikali ikikuta shimo tayari kwangu, itamtafuta Mutie wa nini? Nimeazima sururu.

Ijumaa, 18 Machi
Jiko la Ndila lilikuwa njiani. Nimelibomoa. Mafiga yake matatu nimeyapanga kando ya barabara yawe alama, injinia asipotee. Nilipoinua la tatu mkono ulisita. Kwetu, mume hang'oi mafiga ya mke aliye hai. Ni kama kumwambia hana kwake tena. Lakini mimi sijayang'oa, nimeyasogeza tu. Mutie alichungulia akauliza, "Kiilu, hii ni choo ama ni kaburi?" Wivu mtupu.

Jumapili, 20 Machi
Mama Mumbua wa kanisani kaniletea habari baada ya ibada. Ndila anasema mvua imekaribia na hasira zimeisha. Anakuja kesho tupande. Kesho! Nilijifungia chumbani nikalia kidogo kwa furaha. Kisha nikarudi shimoni. Nataka akute ngazi angalau.

Jumatatu, 21 Machi
Alikuja na sufuria mpya kichwani na mbegu za kunde zimefungwa kwenye leso. Akasimama mbele ya mafiga pale barabarani. Shimo hakulitazama. Akauliza polepole, "Baba Kasyoka, nani alikuambia ung'oe mafiga yangu?"

Nilitaka kumwambia kwamba tangu aondoke sijawasha moto hata siku moja, kwamba nakula mkate mkavu kwa Keinan na chakula hakina ladha bila yeye. Nikamwambia treni itapita hapa.

Aliweka zile mbegu juu ya figa, akageuka na sufuria yake. Sikumkimbilia. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na Mutie alikuwa anatazama.

Jumatano, 23 Machi
Injinia amerudi. Eti anapima mahali pa nguzo za simu! Ile stesheni iko ng'ambo alikosomea, alikuwa anampigia Keinan hadithi tu. Akaniambia nguzo haisimami ndani ya shimo. Akang'oa kigingi changu akakipiga kwa Mutie. Kwa Mutie!

Jumamosi, 26 Machi
Mvua kubwa tangu jana. Majirani wote wako shambani na wake zao. Kunde zangu bado ziko ndani ya leso. Nimekaa mlangoni nikitazama shimo linavyojaa, na sifichi, moyo unauma. Nimemkosa Ndila kwa mikono yangu mwenyewe.

Hata hivyo, maji hayaendi popote. Yametulia, mengi, mazuri. Samaki! Wasafiri wa barabara ya Mombasa watanunua. Sisi Wakamba samaki hatumjui sana, lakini tutamzoea. Ndila akisikia ana bwawa lake nyumbani, atakuja mbio. Keinan anasema samaki hutaka mahali pa kujificha, tena penye mawe. Nimeyatumbukiza mafiga, yote matatu.