Gaju na Sufuria ya Fromaji

Jumatatu, 16 Juni

Vumbi. Jua. Jogoo wangu amelala tena kwa jirani. Wiki imeanza.

Dada yangu Mukeshimana ameitwa. Jina lake limebandikwa ubaoni: Kanada, yeye na watoto wake watatu, basi la Jumanne ijayo. Amengoja miaka kumi na mmoja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi. Mimi pia nimengoja kumi na mmoja, ila ubao haunijui. Nilimpongeza, nikalia kidogo. Akadhani nalia kwa upendo.

Upendo ulikuwepo. Lakini kulikuwa na Gaju vilevile.

Gaju ni ng'ombe wa dada. Rangi ya kahawia, pembe ndefu, mwendo wa polepole. Ndiye ng'ombe wa pekee katika ukoo wetu wote tangu tukimbie kutoka milimani, Kivu Kusini. Baba alikuwa na themanini. Mimi nina huyo jogoo. Mwanaume wa kwetu asiye na ng'ombe, watu humsalimia huku wanatembea. Hakuna anayesimama.

Jumamosi ni fete ya kuagana, na hapo itatangazwa Gaju anabaki na nani. Mimi ni kaka yake wa pekee. Jambo liko wazi.

Haliko wazi hata kidogo! Leo nimemkuta Appolinaire, jirani yake, amekaa mlangoni anasuka kamba mpya ya mkonge. Kamba ya ng'ombe. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kazi. Appolinaire ni mkulima wa muhogo, na tangu lini muhogo ukafungwa kamba? Kila siku anamletea Gaju maganda ya ndizi. Na Jumamosi ni yeye aliyechaguliwa kutoa hotuba, si mimi. Mutu wa muhogo atanyang'anya ng'ombe ya baba yangu mbele ya macho yangu. Njo dunia.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata wazo. Mke wangu Umwiza angekuwepo angeshika kichwa. Lakini yuko Ngarama kwa kaka yake tangu Pasaka, kwa sababu ya mradi wangu wa sungura. Sitaki kuandika habari za sungura.

Wazo ni hili. Mwaka jana nililinda geti la hoteli fulani Mbarara, wiki tatu. Siku moja kulikuwa na semina, na jikoni wakanipa mabaki: bakuli la fromaji, yaani jibini, iliyoyeyushwa, ya moto, nzito, na vipande vya soseji ndani. Unachovya mkate, unakula. Nilikula mpaka nikasahau geti. Ndiyo maana zilikuwa wiki tatu.

Sasa dada anakwenda Kanada, kwenye watu wanaokula vitu kama hivyo. Nikimpikia mbele ya wageni wote, ataona kwamba kaka yake anajua maziwa ya zamani na ya kisasa pia. Hapo Gaju atamwachia nani? Mtu wa muhogo?

Fromaji inatoka kwenye maziwa, na maziwa yako kwa Gaju. Nikaenda kwa dada nikamwambia muganga wa kituo cha afya ameona vidonda tumboni mwangu, eti ninywe lita moja ya maziwa kila asubuhi. Dada akashtuka. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani, nilikuwa navumilia tu. Akajaza chupa, macho yamemlowa. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika njia panda.

Alhamisi, 19 Juni

Lita tatu zimekwenda bure.

Nilichemsha, nikakamulia ndimu, maziwa yakakatika. Nikachuja kwa kipande cha shuka, nikakandamiza kwa jiwe. Fromaji nyeupe, safi! Nikaitia sufuriani iyeyuke. Haikuyeyuka. Nikaongeza makaa. Haikuyeyuka, ila ilianza kulia kwii, kwii chini ya kijiko. Nikampa jogoo. Aliitazama, akaenda zake kwa jirani.

Katikati ya hayo yote akaingia shangazi Nyirabizimana, dada ya marehemu baba. Ana miaka themanini na ushee, na pua yake bado ni ya msichana. Maziwa yalikuwa yamefurika kidogo yakaangukia makaa ya jiko langu la mbabula, nikawahi kufunika alama kwa majivu. Hakuona, au alijifanya hakuona. Akakaa, akanikumbusha mambo ninayoyajua tangu niko mgongoni: maziwa yakimwagika motoni kiwele cha ng'ombe hukauka, maziwa na nyama havikai chungu kimoja, wala tumbo moja siku moja, kwa sababu ng'ombe ataumia huko aliko. Nikasema ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Sijui kwa nini alichagua leo.

Ijumaa, 20 Juni

Mbarara. Niliuza redio ili nifike huko. Sasa sitasikia habari za Kongo, na si hasara, maana hazijawahi kunifurahisha.

Dukani msichana muuzaji akanieleza, kwa Kiswahili chao cha huku, kwamba ile nyeupe ya kukamulia ndimu hata uchome nyumba haiyeyuki, nichukue hii ya njano. Nikachukua ya njano. Nikachukua na soseji za ng'ombe.

Nilisimama na hizo soseji mkononi kwa muda mrefu. Nilimwaza shangazi. Ndipo akili ikanifunguka. Fromaji si maziwa! Yalikuwa maziwa zamani. Sasa yameganda, yamebadilika, yameacha maisha yao ya kwanza. Mtu akiokoka hatumwiti tena mlevi. Kwa hiyo nyama ndani ya fromaji ni nyama ndani ya fromaji tu, na ng'ombe hana habari. Nikalipa.

Jua lilikuwa kali njiani. Niliposhuka, fromaji ilikuwa imeanza kuyeyuka yenyewe mfukoni mwa koti. Dalili njema. Appolinaire akanikuta barabarani, akauliza kwa upole nimebeba nini. Nikasema dawa za tumbo. Akasema pole sana, ataniombea. Mnafiki!

Jumamosi, 21 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Turubai lilifungwa, mabenchi ya kanisa yakaletwa, kwaya ikaimba. Wazee wetu wote mbele, na shangazi katikati yao. Mimi pembeni na mbabula yangu na sufuria yangu. Fromaji ya njano, kitunguu, pilipili kidogo, soseji. Ilipokuwa nzito mno nikaongeza ile lita ya leo ya Gaju kuilainisha. Harufu ilifika mpaka kwa kwaya. Waliimba wakigeuza shingo.

Appolinaire akasimama kutoa hotuba. Karatasi mkononi, ile kamba mpya begani. Begani kabisa, bila haya! Nikasimama na mimi. Nikasema samahani ndugu, hiki chakula hakingoji, kinaliwa cha moto, hotuba itakuja baadaye. Akanitazama kama anayetaka kuniambia kitu. Kisha akakaa.

Nikambebea shangazi bakuli la kwanza na mkate, kwa heshima. Nikatangaza kwa sauti kwamba hii ni fromaji ya moto, inaliwa Kanada, nimempikia dada yangu, na ndani yake mna maziwa ya Gaju mwenyewe, lita nzima ya leo asubuhi.

Ndipo nikaona uso wa dada. Alikuwa anaangalia ile chupa yake, tupu, kando ya mbabula.

Shangazi akachovya. Akatafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kiganjani.

“Hii nyama ni ya nini?”

Nikasema ni ya ng'ombe. Ningesema nini tena? Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Nikaanza kueleza kwamba fromaji si maziwa, kwamba imeokoka, na mchungaji yuko hapa anaweza kuthibitisha. Mchungaji akaangalia viatu vyake. Na huko nyuma yangu sufuria, ambayo nilikuwa nimeiacha motoni, ikafurika. Shhhh! Maziwa ya Gaju, nyama na yote, juu ya makaa, na moshi ukaenda moja kwa moja kwa wazee. Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakichukua fimbo zao.

Hapo hasira ikanipanda. Nilisema nisiyopaswa kusema. Nikasema ng'ombe gani ataumia? Tuna ng'ombe? Themanini wa baba wako wapi? Tunachunga nini hapa, vumbi? Miiko ya nini kwa watu wasio na hata mkia?

Shangazi akaifunga ile nyama kwenye leso yake polepole.

“Njo maana ng'ombe hazirudi,” akasema.

Dada akainama akamnong'oneza Appolinaire. Akanong'ona muda mrefu. Appolinaire akatikisa kichwa kukataa, dada akanong'ona tena. Appolinaire akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema maneno machache ya safari njema, na kwamba Gaju atabaki kwake yeye, Appolinaire. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa. Ningekuwa mimi ningeruka!

Ndugu zake Appolinaire, ambao hawana mwiko wowote, walikula sufuria yote na mandazi. Wakauliza kama kuna nyingine.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo. Nilikuwa nimekomba sufuria, kwa hiyo leo ilikuwa kweli.

Jumanne, 24 Juni

Basi liliondoka saa tatu asubuhi.

Nilifika mapema, nikasimama nyuma ya watu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kuomba msamaha, na pembeni yake maneno mengine kuhusu Gaju, endapo nafasi ingepatikana. Dada akanitafuta yeye mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la baridi katika jua hili. Ndani ya hilo koti alionekana mdogo, kama siku tulipovuka mpaka.

“Natanaeli, vidonda bado vinauma?”

Maneno yangu yote yakapotea. Nikasema bado vinauma. Akasema nijitunze. Akasema amemwambia Appolinaire anipe maziwa kila asubuhi, lita moja, bila kukosa, mpaka nipone. Alikuwa anajua. Aliiona ile chupa kwa macho yake. Nikamwangalia kama anacheka, hakuwa anacheka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama mama alivyokuwa anatushika, kisha akapanda, na sikumwona tena kwa sababu vioo vilikuwa na vumbi.

Nililia. Safari hii hapakuwa na jambo jingine ndani.

Tukarudi pamoja na Appolinaire, kwa miguu. Njiani akatoa ile karatasi akanipa nisome. Nilisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa hotuba ya Jumamosi. Ilisema dada anamwacha Gaju kwa kaka yake Natanaeli, mwana wa baba yake, ili ng'ombe wa ukoo abaki katika ukoo, na kwamba jirani Appolinaire amesuka kamba ya kumkabidhi. Ilikuwa imeandikwa tangu siku ileile jina la dada lilipobandikwa. Walikuwa wananificha ili nishtuke kwa furaha.

Kama ningemwacha asome. Dakika mbili tu.

Appolinaire akasema yeye anamwogopa ng'ombe. Usiku mzima Gaju anakoroma nje ya dirisha, na mke wake Orpa halali. Akasema dada hakuwa na hasira na mimi. Aliona tu kwamba wazee hawatakubali mbele ya ule moshi. Akasema amewaomba wazee waje kwake Jumamosi, wakae wazungumze, Gaju arudi kwangu. Shangazi amekwisha kukubali kuja. Nikamwuliza mimi nifanye nini.

“Usifanye kitu, ndugu yangu. Kaa tu, nyamaza.”

Mtu mwema. Nimemdhulumu sana katika daftari hili. Sina cha kuongeza.

Alhamisi, 26 Juni

Nimelala vizuri. Nimewaza vizuri.

Asubuhi Appolinaire alileta lita yake, akaiweka mlangoni, akaenda shambani. Nimeitazama hiyo chupa mpaka jua likapanda. Kukaa na kunyamaza! Wazee wanakuja, shangazi anakuja, na mimi nikae kama kiti? Watasema huyu hata aibu hana. Lazima nioneshe kwamba nimejifunza.

Na nimejifunza. Nimerudia jambo lote tangu mwanzo, nikaona kosa lilikuwa wapi. Fromaji haikuwa na kosa, watu waliikomba. Kosa lilikuwa soseji. Ziwa liko hapa karibu, sato wabichi wanapatikana kila siku. Samaki hana kwato, hana pembe, hanyonyeshi. Hakuna ng'ombe duniani anayeweza kuumia kwa sababu ya samaki. Nakumbuka kwamba shangazi hajawahi kuweka samaki mdomoni, wala marehemu mume wake, wala mzee yeyote kati ya wale. Lakini ni kwa sababu hawajaonja akiwa ndani ya fromaji.

Gaju akirudi, nitakwenda Ngarama nimwambie Umwiza mimi sasa ni mtu ambaye watu husimama njiani kumsalimia.

Makaa ninayo. Koti nitaliuza kesho, niende Mbarara ninunue ya njano. Maziwa tu ndiyo yatapungua, kwa hiyo nimemwambia Appolinaire vidonda vimezidi. Amesikitika sana. Kuanzia kesho analeta lita mbili.