Jicho la Zamani la Kamera ya Andwele

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Mwalimu Polikarp katangaza darasani. Watu wazima wote kumi na wanne tumefaulu kusoma! Tutapigwa picha moja, na bwana elimu wa mkoa atachagua sura moja humo iwekwe kwenye bango la kisomo, Rukwa nzima. Nimemtazama wifi yangu Bertilla. Tayari anajipangusa mashavu. Huyu ambaye akiandika jina lake linapanda kilima. Sura hiyo ni yangu.

Jumatano, 3 Septemba
Sumbawanga kwa miguu, kuku kwapani, hadi kwa Andwele, mpiga picha aliyetoka Mbeya, ndiye atakayetupiga. Kaniamkia vizuri. Kuku kampokea vizuri zaidi. Kumbe kamera yake ina macho mawili ya kubadilisha. Mwenyewe anayaita lenzi. Jipya linaonyesha kila kitu. Kanitolea picha ya harusi, nimemwona hadi inzi kwenye pua ya msimamizi. La zamani alilipata kwa padri aliyerudi Ulaya. Harusi ileile, bibi harusi katikati yuko wazi kabisa, mashangazi wa pembeni wameyeyuka kama mafuta ya nguruwe juani. Andwele analipenda hilo.

"Jipya halikosei, Bibi, ila halina tabia. Hili lina tabia yake, kama mtu."

Akaanza kueleza kwamba mashangazi ndio walioipenda sana ile picha. Sikumsikiliza. Nimechagua lenye tabia. Mimi nikae katikati, Bertilla pembeni, ayeyuke!

Ijumaa, 5 Septemba
Siku ya picha. Upepo na vumbi. Nimefika wa kwanza, nikaketi katikati ya benchi. Bertilla akataka kukaa ubavuni kwangu. Nikamwambia mwalimu huyu ni mrefu, atafunika watu, asimame mwisho kabisa. Mwalimu kakubali. Bertilla kanuna, kasema nina roho ya fisi. Nikamwomba asogee kidogo tena. Andwele kasema filamu imebakiza picha moja tu, mtu asipepese macho. Nikavuta ugoro kidogo nitulie. Nikainua kidevu.

Alhamisi, 11 Septemba
Bwana elimu kaja na picha. Aibu! Katikati kuna kizee, kila kunyanzi linahesabika, ugoro unaning'inia puani. Nikauliza ni nani huyo. Darasa zima likacheka. Pembeni kasimama binti laini, uso kama maziwa, mwanga umemzunguka kama yuko altareni. Bwana elimu akamgusa kwa kidole.

"Huyu msichana ni nani?"

Bertilla kainuka taratibu, kajibu kwa sauti nyembamba ambayo sijapata kuisikia kwake: "Ni mimi, baba."

Msichana! Ana wajukuu tisa. Kachaguliwa yeye.

Jumatatu, 15 Septemba
Kwa Andwele tena. Nimemgombeza tangu mlangoni. Kosa ni la jicho lake, halina adabu. Sasa akina mama wa kigango tutapigwa picha ya Noeli, ipelekwe kwa Askofu. Katikati nimemwachia Bertilla, kwa heshima zote. Kanishukuru hadi machozi, maskini. Andwele kajaribu kuniambia kwamba jicho la zamani kaliuza kwa mtu wa Laela, limebaki jipya tu, linaloona sawasawa kila mahali. Nimemwambia asinichanganye. Sikufuata jicho mimi. Nimekuja kushika nafasi ya pembeni, na pembeni ni pembeni.