Mgongo Uliolegea Ukweni

Jumatatu, 9 Agosti 1993. Arua

Mgongo umekataa. Nilikuwa nashusha robota la mitumba peke yangu, kwa sababu Anguyo wa kibanda cha samaki alikuwa ananitazama na sikutaka aone nazeeka. Sasa ninaandika nimelala kifudifudi.

Na Jumamosi natakiwa Lobule, kumrudisha mke wangu Paska. Tangu mwezi wa sita yuko kwa mama yake. Aliondoka bila kelele. Alisema tu kwamba amechoka kuongea na ukuta. Wazee wao wamekubali twende na mbuzi, tukae, tuongee. Safari hii wakikataa, basi, nyumba imekwisha. Na mume anayekwenda kuomba mke huku anatambaa, nani atampa?

Anguyo amesema niahirishe. Bila shaka. Yeye ndiye atakayenisemea huko, kama desturi inavyotaka, na anajua nikiwa mzima nitamfunika.

Jumanne, 10 Agosti

Kliniki. Sista Helen amenibonyeza kiuno, nikaita jina la marehemu bibi yangu. Akasema misuli imekaza, akanipa vidonge vya kuilegeza. Na maagizo mengi. Kimoja usiku, basi. Vitaleta usingizi, kizunguzungu, mdomo kukauka. Nisipande baiskeli. Nisiguse pombe hata tone, kwa sababu hiyo dawa na pombe vikikutana vinaweza kuzima pumzi ya mtu. Nisichanganye na dawa nyingine ya usingizi. Nisimgawie mtu. Maumivu yakizidi nirudi kwake, nisijiongezee mwenyewe. Akataka nirudie. Nikarudia yote bila kukosea, akanisifu mbele ya wagonjwa. Nimerudi nyumbani najisikia msomi.

Nimemeza kimoja. Mgongo umelegea kidogo. Lakini Jumamosi inataka zaidi ya kidogo. Sista anazungumza na wagonjwa wa kawaida, wasio na wakwe.

Jumatano, 11 Agosti

Nimemeza kingine asubuhi. Mgongo safi. Mdomoni, majivu matupu. Macho nayo yalifunga biashara kabla ya saa nne. Nililala juu ya lundo la suruali, na mama mmoja wa Pajulu akanigeuza akitafuta saizi ya mumewe. Soko zima lilicheka. Anguyo hakucheka, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Aliwauzia wateja nguo zangu kwa niaba yangu mpaka jioni, halafu akasema nirudi kliniki.

Nikaona anavyojua kupanga. Nami nikapanga langu. Shingo yake humsumbua, nikampa kidonge, nikitumaini Jumamosi ulimi wake utakuwa mzito kidogo. Alikirudisha. Alisema dawa iko ya mutu moja, ile aliyeandikiwa.

Ijumaa, 13 Agosti. Koboko

Nilitaka kuja kwa baiskeli, mbuzi nyuma, ili Lobule waone mwanamume. Nilijaribu kwanza mtaani kwetu. Barabara ilikuwa imenyooka, mimi ndiye niliyekata kona. Mbuzi alitoka mtaroni kabla yangu.

Kwa hiyo tumekuja kwa lori, tunalala hapa, kesho tunamalizia Lobule. Anguyo amemshika mbuzi njia nzima, na mimi amenishika mara kadhaa. Nimemwambia ni uchovu tu.

Ninamuwaza Paska. Nyumba bila yeye ina mwangwi. Nikikohoa, kinanirudia kikohozi changu mwenyewe.

Jumapili, 15 Agosti. Lobule

Jana sikuandika. Ni kama jana sikuwepo.

Asubuhi nilimeza viwili, nipate kukaa wima mbele ya wazee. Tulikaribishwa vizuri. Huku mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgusa, kwa hiyo nikainamisha kichwa kama inavyopasa. Kikaletwa kibuyu cha kwete. Pombe ya kupatana inakataliwaje? Nikanywa. Wakaongeza, nikanywa tena. Anguyo alikuwa anazungumza, na alizungumza vizuri mno. Kichwa changu kikazidi kushuka. Mzee mmoja akasema watazame heshima ya mkwe huyu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia.

Mengine nimesimuliwa. Nilikoroma. Halafu nikateleza kwenye kigoda wakati Mama Margarita, mama mkwe wangu, anapita na chakula, nikamwangukia miguuni. Mazungumzo yakavunjika. Mbuzi niliyemleta kumrudisha mke akachinjwa kufuta aibu ya kumgusa mama yake. Hata nyama sikuonja. Nilikuwa siamshiki.

Paska ndiye aliyenilaza ubavu. Kaka yake Lokule alihangaika kutafuta gari la kunipeleka hospitali, hakupata. Paska akakaa nami mpaka kulipokucha, mkono juu ya kifua changu. Anasema pumzi zilikuja polepole sana, na kila iliyochelewa alidhani ndiyo ya mwisho.

Nimeambiwa pia kwamba kulikuwa na uji kwa wasiokunywa pombe. Mama Margarita aliupika mwenyewe. Ningesema tu niko kwenye dawa, ningepewa uji, na wazee wangeendelea.

Nilipofungua macho Paska aliniuliza kama kliniki hawakunieleza. Ilinichoma kidogo. Nikamrudia maagizo yote, moja baada ya jingine, bila kukosea. Akasema miaka yote hii alidhani sisikii, kumbe ninasikia. Kisha akachukua mtungi akaenda kuchota maji. Nilibaki pale kwenye mkeka na aibu yangu.

Jumanne, 17 Agosti. Arua

Sista Helen amenikaripia kwa muda mrefu, amechukua vidonge vilivyobaki, amenionyesha namna ya kunyoosha mgongo polepole. Ni kweli inasaidia.

Sasa la Paska. Hakunikataa. Alitusindikiza mpaka njia kuu, akasema nisije tena Lobule, nisitume mtu, nisilete chochote. Nipone, nitulie. Wakimaliza kuvuna ufuta atakuja Arua yeye mwenyewe, aone kama mahali pamebadilika. Mimi kazi yangu ni kukaa tu. Nilikaribia kulia kwenye lori. Ni maneno ya mwanamke anayetaka kurudi kwake.

Nimeyafikiria siku nzima. Na kama anataka kurudi, kwa nini ateseke mpaka ufuta uvunwe? Mwanamke akisema usije, anapima kama utakuja. Leo nilifika soko la Inde nikapata mbuzi mkubwa kuliko yule wa kwanza, mwenye ndevu nzuri. Anguyo amekataa kufuatana nami. Aliponiona na kamba mkononi aliinamia samaki wake. Afadhali. Nitajisemea mwenyewe.

Lori la Koboko linaondoka kesho alfajiri. Paska hanitarajii kabisa.